Swali na Jibu: "Nafagia renji usiku, hili vumbi lina shida kweli?"

Mwezi huu barua zimekuja nyingi lakini tatu zimegusana, zote za madini ya risasi, au ledi kama wengi wetu tunavyoita, kwahiyo nimeziweka pamoja. Ya kwanza imekula nafasi kubwa, mnisamehe, ndo yenye mambo.

SWALI

Shikamoo dada. Mi ni msomaji wenu niko Texas, pembeni ya Dallas, kwetu Mwanza. Mchana naendesha deliveri, usiku nafanya usafi kwenye renji ya ndani ya kulenga shabaha, zile watu wanakuja na bastola zao wanalipia leni wanapiga lisaa wanaondoka. Wakishafunga mi nafagia maganda ya risasi, nafuta meza, mara mojamoja naitwa kusaidia kule mwisho kwenye machuma yanayopokea risasi. Hela sio mbaya na wafanyakazi tunaruhusiwa kupiga bure katikati ya wiki, na huo mchezo nimeshaupenda sidanganyi. Sasa siku hizi nikitoka shifti nasikia utamuutamu flani wa chuma mdomoni, kichwa kinagonga, choo kigumu, na wife anasema nimekuwa mkali bila sababu. Kuna jamaa Mkenya tunafanya nae ananiambia ni vumbi tu, ninywe maziwa kabla ya kazi yanaosha kifua, kwao kiwandani walikuwa wanapewa pakiti kila siku. Nina mtoto wa mwaka na nusu, nikifungua mlango tu ashanirukia. Je ni kweli lile vumbi lina sumu au ni uoga tu wa wazungu?
Mfagiaji, Texas

JIBU

Marahaba kaka. Ni kweli lina sumu, na wewe mwenye ufagio uko kwenye hatari kubwa kuliko yule mteja anayekuja na kuondoka. Kabla hujamaliza kusoma hapa weka appointment ukapime kiwango cha ledi kwenye damu, wewe na huyo mtoto. Mengine tuongee taratibu.

Watu wengi wakisikia ledi na bunduki wanamfikiria mtu aliyepigwa, kumbe huko renji madini yanaingia mwilini bila hata mtu kuguswa. Ukivuta kifyatulio kinachowaka kwanza ni praima, kile kiduara kidogo kwenye kitako cha ganda, na praima nyingi mpaka leo zinatengenezwa kwa kemikali yenye ledi. Ule moto unawasha baruti, baruti inasukuma kichwa cha risasi, na kichwa chenyewe kwa ndani ni ledi, hata zile zilizovikwa shaba nyingi kitako kimeachwa wazi, basi joto linakilamba na mvuke wa madini unatoka. Ikipita kwenye mtutu inakwanguka kidogo, ikifika mwisho inagonga chuma inasagika. Mvuke ukipoa unageuka chembe ndogo sana ambazo macho hayaoni, nyingine anavuta aliyeshika bastola, zilizobaki zinatulia juu ya meza, ukutani, kwenye maganda, sakafuni. Zimelala pale zinakusubiri wewe, unakuja na ufagio mkavu unazirudisha zote hewani usawa wa pua yako, tena saa ambazo pengine na mafeni yamezimwa kuokoa umeme.

Na hizi sio hadithi. Mwaka 2014 CDC, ile taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilitoa hesabu za zaidi ya miaka kumi kuanzia 2002, watu 2,056 wa kazi za polisi na za sehemu za burudani zikiwemo renji walikutwa na ledi kwenye damu kuanzia mikrogramu 10 kwa desilita kwenda juu, na juu ya hao kuna wengine 2,673 ambao haikutokana na kazi, inaonekana ni shabaha tu za kujifurahisha. Hao ni waliopimwa, na wewe hujapimwa kwahiyo wa aina yako hawapo kwenye hiyo hesabu. Kuna renji moja kule Bellevue, Washington, mwaka 2012 ilikuwa inaongezwa jengo huku vumbi likitimuka, wakaathirika mpaka mafundi ujenzi ambao walikuja na nyundo zao tu, hawakufyatua chochote.

Sasa hizo namba, manake ukipima utapewa namba afu utaambiwa "uko sawa" usielewe sawa ya nani. Kwa mtoto, CDC tangu 2021 ikiona 3.5 inataka hatua zichukuliwe, na hata chini ya hapo hakuna kiwango kinachosemwa ni salama. Kwa mtu mzima, NIOSH, ile taasisi yao ya afya kazini, tangu 2015 ilikuwa inahesabu kuanzia 5 kuwa imepanda na baadaye wakashusha zaidi. Lakini sheria ya OSHA, idara ya serikali yao ya usalama kazini, ambayo ndo inakulinda wewe hapo Texas ni ya mwaka 1978, na inamlazimisha mwajiri akutoe kwenye hilo vumbi pale tu damu ikifika 60, au wastani wa vipimo vyako ukifika 50, na anaruhusiwa kukurudisha ukishuka chini ya 40! Yani unaweza kuwa na 35, presha inapanda, nguvu za kiume zimekata, figo zinaumia kimyakimya, na kisheria bosi hajakukosea kitu. Mwaka 2012 wataalamu walioitwa na jeshi la Marekani kuangalia askari wa kwenye marenji yao walisema wazi kwamba kiwango hicho hakitoshi kumlinda mtu. California wamebadilisha ya kwao kuanzia January 2025, kwao unatolewa kwenye 30. Texas bado ya zamani, kwahiyo usisubiri sheria ikuonee huruma.

Dalili ulizotaja zinafanana, choo kigumu na hasira na kichwa vyote vimo, ila nikuambie ukweli mtu anayeendesha gari mchana na kufagia usiku anaweza kuumwa kichwa na kuwa mkali kwa kukosa usingizi tu. Na upande mwingine kuna watu wana 30 na hawasikii chochote. Dalili hazitakupa jibu, damu itakupa. Ila wakupime damu ya kwenye mshipa wa mkono, sio ya kutoboa kidole, manake wewe vidole vyako vina vumbi la kazini kwenye ngozi na likichanganyika na lile tone namba itapanda uongo. Na umwambie daktari kwa mdomo wako kwamba unafanya kazi renji na pia unapiga shabaha, wengi hawaulizi, wataishia kukupa dawa ya choo. Ukipima mara moja rudia tena baada ya muda atakaokupangia, kwa sababu damu inaonyesha zaidi kilichoingia karibuni, inachukua kama mwezi kupungua nusu ukikaa mbali na vumbi, wakati kilichozama kwenye mifupa kinakaa makumi ya miaka. Vipimo hivyo bosi ndo analipa endapo hewa ya kazini imezidi mikrogramu 30 kwa kila mita ya ujazo na uko humo zaidi ya siku 30 kwa mwaka, kwahiyo muulize swali moja tu la adabu: hewa ya hapa ilipimwa lini na karatasi iko wapi? Jibu lake utalisoma hata usoni.

Haya, maziwa. Hili jambo nalijua sana, huku kwetu viwanda vya rangi, vya betri, vya saruji, karakana za kuchomelea, mfanyakazi akilalamika vumbi anapewa pakiti ya maziwa na kila mtu anaamini yanaosha. Yaoshe wapi? Maziwa yanaenda tumboni, vumbi ulilovuta liko kwenye mapafu na kutoka hapo limeshaingia kwenye damu, hayakutani. Kilichopo cha kweli ni kidogo, mtu mwenye upungufu wa madini ya chuma na kalsiam, au mwenye tumbo tupu, ananyonya ledi nyingi zaidi ile aliyoimeza, kwahiyo kula vizuri kabla ya shifti kunasaidia, maharage, dagaa, mboga za majani, na maziwa yenyewe ukitaka. Lakini kunywa maziwa humohumo ndani ya renji na mikono uliyotoka kukusanyia maganda, hapo umejinywesha ledi kwa maziwa. Mi mtazamo wangu ile pakiti ilienea kwa sababu ni rahisi kuliko feni. Na kabla hujaingia mtandaoni kutafuta vya "kutoa sumu", kuna dawa kweli za kufunga hayo madini mwilini lakini ni za hospitali, kwa viwango vya juu, chini ya daktari, zina madhara yake, usijinunulie. Mkaa wa kusaga, ndimu na mlonge havitoi ledi.

Tuje kwa mtoto, hapa ndo nimesita zaidi kwenye barua yako. Mtoto wa umri huo anatambaa, anaweka kila kitu mdomoni, na tumbo lake linanyonya ledi kwa kiasi kikubwa kuliko la kwako, na kinachoumia ni ubongo unaojengwa. Wewe unaingia na shati lilelile, viatu vilevile, anakurukia anaweka shavu kifuani. Nguo za kazini zisifike nyumbani. Badilisha hukohuko, viatu vibaki hukohuko, oga huko kama pana bafu, kama hapana osha mikono, uso na shingo kwa sabuni kabla hujaingia kwenye gari na ukifika nyumbani nenda bafuni moja kwa moja mtoto ashikwe na mama yake kwanza. Zipo sabuni maalum za kutoa metali kwenye ngozi, bei sio kubwa, renji nyingi zinauza pale kaunta, tumia hizo manake sabuni ya kawaida inaacha kiasi. Kama lazima nguo zije nyumbani, zije kwenye mfuko uliofungwa na zifuliwe peke yake, zisikung'utwe, zisichanganywe hata siku moja na za mtoto. Ledi ikizidi kiwango cha sheria hewani kufua ni kazi ya mwajiri, sio ya mkeo.

Na simu! Watu wanasahau simu. Umeiweka juu ya meza ya leni inapiga muziki, umeishika na mikono ile, umeipeleka sikioni, umefika nyumbani mtoto analia unampa aangalie katuni, anailamba kioo. Simu ibaki loka, au iwekwe kwenye kifuko cha plastiki unachokitupa, na kiti cha mtoto kisikae kwenye gari unaloendea kazini mpaka uoshe viti.

Kazini kwenyewe ufagio mkavu uachwe leo. Sio "tupunguze", uachwe. Panatakiwa vakyumu yenye filta ya HEPA, ile inayokamata hata chembe ndogo sana, sio ile ya kapeti ya dukani, hiyo inanyonya vumbi mbele inalitema nyuma likiwa laini zaidi, na baada ya hapo deki ya maji. Maski ya karatasi au ya kitambaa haisaidii, omba ile ya mpira inayobana uso yenye filta za P100, za kuzuia vumbi laini kabisa, na kama una ndevu zinyoe kwa sababu hewa inapita pembeni. Wakikuita kusafisha kule kwenye machuma au kubadili filta za mafeni, hiyo sio kazi ya kuitwa juujuu, ndo kwenye mzigo mkubwa kuliko pote, inataka mafunzo na mavazi yake, una haki ya kusema sijafundishwa.

Kuna kitu unaweza kukiangalia bila kipimo chochote. Simama nyuma ya wapigaji uangalie moshi. Renji nzuri hewa inaingia kutoka ukuta wa nyuma yao, inapita mabegani taratibu kama sentimita 38 kwa sekunde ndo NIOSH wanavyopendekeza, inasukuma moshi wote kwenda kwenye shabaha na kunyonywa huko. Ukiona moshi unazunguka unarudi usoni kwa mpigaji, au mpaka kaunta mnasikia harufu ya baruti, feni hazifanyi kazi au zimefungwa vibaya, na hapo kila mtu ndani ya jengo anavuta.

Kupiga bure kusimamishe mpaka majibu ya damu yatoke, unajiongezea dozi juu ya dozi. Ukija kurudi, tafuta renji ya nje na risasi ambazo praima na kichwa vyote havina ledi, zipo ila bei imechangamka. Bosi akikataa yote haya piga OSHA 1-800-321-6742, omba mkalimani. Ukiona umefukuzwa au umepunguziwa masaa kwa sababu umelalamika una siku 30 tu za kuripoti kisasi hicho, usikae nacho moyoni hadi zipite. Niandikie ukipata majibu, hasa ya mtoto.

SWALI

Habari dada, mi niko Minnesota, nafanya security na kampuni inataka nirudie mtihani wa bastola kila mwaka, safari hii umeangukia nina mimba ya miezi minne. Rafiki yangu anasema nivae maski na vizuia sauti viwili, vya ndani na vya juu, niende tu nimalize. Naogopa kusema hapana wataona mimi mzembe.
Mama Kijacho

JIBU

Hongera mama. Usiende, na rafiki yako anakupenda ila kakosea. Ledi inavuka kondo la nyuma inamfikia mtoto, na mimba yenyewe inatikisa mifupa ya mama, kalsiam ikitolewa kwa ajili ya mtoto ledi ya zamani nayo inatoka nayo, kwahiyo kama umekuwa ukipiga miaka mingi mwambie mkunga wako akupime damu hata kama hujakanyaga renji toka mimba iingie. Na hivyo vizuia sauti viko masikioni mwako wewe, tumboni havipo, kishindo cha chumba kilichofungwa kinapita.

Kuhusu uzembe, kuna sheria inaitwa Pregnant Workers Fairness Act ilianza kufanya kazi mwezi wa sita 2023, mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi anatakiwa akutafutie namna kama haimletei mzigo mkubwa mno, na kusogeza mtihani wa shabaha mpaka baada ya kujifungua sio mzigo wa kutisha. Omba kwa email sio kwa mdomo, ambatanisha barua ya daktari, andika mistari miwili tu usijieleze sana. Kama kibali chako kinaisha kabla ya hapo waulize wanaotoa kibali wanafanyaje kwa wajawazito, na kwa sasa uombe lindo lisilo na silaha. Na kama mumeo au ndugu unaoishi nao wanaenda renji, yale ya nguo na viatu niliyomwambia wa Texas yanawahusu wao pia.

SWALI

Dada sisi huku Tanga hatuna hizo renji lakini mzee wangu mvuvi, anayeyusha sahani za betri mbovu za gari kwenye jiko la mkaa uani anatengeneza chubwi za nyavu na mishipi, anauzia na wenzake. Nimesoma mtandaoni moshi wake mbaya, nikimwambia anasema kafanya toka ujana na yuko fiti. Nimwambieje?
Kijana wa Pwani

JIBU

Mzee mpe shikamoo yangu, afu usianze na afya yake manake hapo atakushinda, anza na wajukuu wanaocheza hapo uani. Yale mabaki meupe na meusi yanayomwagika kwenye sahani za betri ni vumbi la ledi tayari kabla hata ya moto, yanaingia kwenye mchanga, kuku wanaparua, mtoto anakula mchanga. Mwambie habari ya Owino Uhuru pale Mombasa, najua Tanga mnazisikia, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwekwa katikati ya watu, watoto wakaumwa, mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi humo, Phyllis Omido, mwanae akaugua nae akaanza kupiga kelele mpaka akapewa tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamua wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, kesi ikaendelea kupanda mahakama za juu.

Kama hawezi kuacha leo, basi asipasue betri nyumbani kabisa, anunue chubwi zilizokwisha tengenezwa, au atumie vipande vya chuma, nondo, hata mawe yaliyotobolewa kama wazee wa kale. Pale anapoyeyushia mchanga wa juu uchotwe ukiwa umeloweshwa, ufungwe kwenye mifuko na umuulize bwana afya wa kata upelekwe wapi, usimwagwe shambani, na sehemu hiyo watoto wasiikanyage. Wajukuu wapelekwe hospitali ya mkoa, muulize kama damu inaweza kuchukuliwa ipelekwe kupimwa ledi. Lile sufuria lisirudi jikoni hata likisuguliwa vipi, na kabla hujalitupa litoboe kitako, ukiliacha zima kuna mtu ataliokota akapikie uji.